Mnara Utajua Nani Yuko Nyumbani?

Mwaka jana nilihudhuria baraza la chifu katika kijiji kimoja cha Emuhaya, kaunti ya Vihiga. Kampuni ya simu ilitaka kusimamisha mnara kwenye pembe ya shamba la jirani yetu, na ilibidi wakazi waulizwe kwanza. Tulikaa chini ya mparachichi, kwenye viti vya plastiki vilivyoazimwa kanisani. Karibu saa mbili zilikwisha kwa maswali ya saratani. Muda uliobaki ukaliwa na ubishi wa kodi: kwa nini mwenye shamba alipwe kila mwaka, na sisi tunaopakana naye tuambulie mngurumo wa jenereta?

Baraza likikaribia kufungwa, mzee mmoja aliyekuwa kimya tangu asubuhi alisimama, akavua kofia yake.

"Injinia, mwanangu," alisema, "mimi nauliza moja tu. Huo mnara utajua nani yuko nyumbani na nani hayupo?"

Watu walicheka. Kijana wa kampuni alitabasamu, akamjibu, "Mzee wangu, mnara hauwajui watu. Unajua mawimbi tu." Mama mmoja akaomba sala ya kufunga, tukaenda zetu.

Swali lile sijaliacha tangu siku hiyo. Nafundisha mitambo ya mawasiliano katika chuo kimoja cha kiufundi mjini Kisumu, na najua mzee hakujibiwa ukweli. Kati ya yote niliyosoma na kusikia kuhusu mema na mabaya ya mtandao wa kizazi cha tano, ule tunaouita 5G, hilo ndilo swali zito kuliko mengine, na ni nadra sana kusikia mtu akiliuliza.

Hofu ya mionzi

Waliouliza kuhusu saratani sikuwacheka, na sipendi wanaowacheka. Kwa sensa ya 2019 Vihiga ina watu 590,013, zaidi ya 1,000 katika kila kilomita ya mraba. Hakuna pori la kuficha mnara. Popote utakapowekwa, utakuwa dirishani pa mtu, na anayelala na kuamka chini ya kitu asichokielewa ana haki ya kuuliza kitamfanya nini.

Neno lenyewe "mionzi" linachanganya, kwa kuwa tunalitumia kwa eksirei ya hospitali na kwa mawimbi ya redio vilevile. Vinavyotofautiana ni masafa, yaani idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde. 5G iliyoenea zaidi duniani hutumia masafa ya gigahezi 2.5 hadi 3.8 hivi, katikati ya yale mawili ambayo Wi-Fi ya ofisini imekuwa ikiyatumia miaka mingi, 2.4 na 5. Mwanga wa jua tunaouona una masafa ya juu kuliko hayo zaidi ya mara laki moja. Ni mpaka uuvuke mwanga huo, ufike kwenye miali ya urujuanimno na eksirei, ndipo wimbi hupata nguvu ya kuvunja vifungo ndani ya chembe za mwili. Mawimbi ya simu hupasha joto kidogo, na viwango vya kimataifa vilivyopitiwa upya na tume ya wanasayansi wa kinga ya mionzi, ICNIRP, mwaka 2020 vimewekwa chini sana ya pale joto hilo linapoanza kudhuru.

Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la 2B, la vitu "huenda" vikasababisha saratani. Habari hiyo bado inazunguka kwenye WhatsApp kama ushahidi. Kundi hilo hilo lina dondoo la jani zima la mshubiri, ule unaouzwa sokoni Kibuye kama dawa. Maana yake ni kwamba ushahidi ulikuwa mdogo, ukahitaji kufuatiliwa, na umefuatiliwa: mapitio makubwa yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa 2024 hayakupata uhusiano kati ya simu za mkononi na saratani ya ubongo. Masafa ya juu sana, gigahezi 26 na zaidi, yana tafiti chache kuliko haya tuliyoyazoea. Yakiletwa kwetu siku moja, kudai vipimo huru visomwe hadharani litakuwa dai la haki kabisa.

Kuna jambo moja ambalo natamani kijana wa kampuni angelieleza barazani. Simu iliyo mbali na mnara hupaza nguvu yake ili isikike, na simu ndiyo iliyobanwa sikioni. Mnara ukiwa karibu, simu hunong'ona. Anayekimbia mnara anaweza kujikuta anapata mawimbi mengi zaidi kutoka mfukoni mwake mwenyewe.

Mwaka 2020 watu walichoma minara kadhaa nchini Uingereza kwa uvumi kwamba 5G inaleta korona. Mnara ulioungua ulikuwa pia njia ya mtu fulani kuita ambulensi. Tangu hapo naona kampuni na serikali nyingi zimepata kisingizio kizuri: kila anayeuliza swali kuhusu 5G huwekwa kapu moja na wachoma minara. Hapo ndipo mzee wa Emuhaya alipochekwa.

Daftari la mnara

Simu yako ikilia sasa hivi, mtandao umejuaje kwamba uko Luanda ya Vihiga na hauko Lodwar? Umejua kwa sababu simu yako imekuwa ikijitambulisha. Kila unapohama eneo moja kwenda jingine, hutoa taarifa: niko hapa, laini yangu ni hii. Bila hivyo mtandao ungelazimika kukutafuta kwenye kila mnara wa nchi kila anapokupigia mtu. Kujua ulipo ndiyo kazi yenyewe ya mtandao wa simu, na imekuwa hivyo tangu enzi za simu nzito za antena ndefu.

Kilichobadilika ni ukali wa jicho. Mawimbi husafiri kwa kasi ya mwanga, kwa hiyo mnara hulazimika kuiambia kila simu iwahishe ujumbe wake kulingana na umbali, ili jumbe za watu wengi zisigongane. Ili kufanya hivyo lazima umbali upimwe. Katika 2G, mtandao wa zile simu ndogo za vitufe, kabambe na mulika mwizi, umbali huo hupimwa kwa hatua za mita 550 hivi. Katika 4G hatua ni mita 78. Katika 5G ya masafa ya kati, mita 39 hivi. Kule Emuhaya mita 550 ni kijiji na kanisa lake. Mita 39 ni kutoka mlango wa jiko hadi mwisho wa migomba.

Umbali peke yake huchora duara tu kuuzunguka mnara. Lakini mnara wa 5G haumwagi mawimbi pande zote kama tochi ya zamani. Una antena ndogondogo nyingi, mara nyingi 64 kwenye ubao mmoja, zinazoshirikiana kumlenga mtumiaji kwa mwali mwembamba. Ili ukulenge lazima ujue uko upande gani. Ukishapata umbali na upande, umepata mahali. Tena mawimbi ya masafa ya juu hayafiki mbali na hayapiti ukuta vizuri, kwa hiyo kadiri mitandao inavyosonga mbele minara inaongezeka na kuwa midogo: mmoja kwenye paa la supamaketi, mwingine kwenye nguzo ya taa barabarani. Simu iliyonaswa na kimnara cha jengo moja iko ndani ya jengo hilo au mlangoni pake.

Basi ndiyo, mnara unajua. Haujui sura yako, wala hausikii mnachozungumza mezani. Lakini unaandika daftari: laini hii, saa hii, mahali hapa, ilimpigia fulani, kwa dakika kadhaa. Wengi husikia hayo na kusema, "Acha waandike, mimi si mwizi."

Mfikirie mama anayepanda matatu kila mwezi hadi kliniki ya mji wa mbali kuchukua dawa ambazo hata dada yake wa kuzaliwa hajui anazitumia. Amepita vituo viwili vya afya vilivyo karibu ili asikutane na jirani. Daftari la mnara lina safari hizo zote, na tarehe zake. Halikuandika neno "dawa", ila kijana yeyote mwenye kompyuta na nafasi ya kulifungua atalijua lile ambalo familia nzima haijui. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliandamana dhidi ya Mswada wa Fedha mjini Kisumu, Nakuru, Eldoret, Kakamega na miji mingine, kila mmoja na simu mfukoni. Kwa mitambo iliyopo, orodha ya simu zote zilizokuwa kwenye barabara moja kwa saa moja ni kazi ya dakika chache. Sisemi imefanywa. Inawezekana, na kila kizazi kipya cha mtandao kinaisafisha zaidi picha hiyo.

Niseme pia jambo jema ambalo halitangazwi. Katika vizazi vya zamani simu ilitaja namba ya utambulisho wa laini hewani bila kuificha, na mtu mwenye mnara bandia ndani ya gari aliweza kuzikusanya laini za wapita njia. 5G kamili huificha namba hiyo kwa fumbo kabla haijatoka kwenye simu. Ni ulinzi wa kweli. Unavunjika pale 5G inapowekwa juu ya mitambo ya 4G bila kujengewa msingi wake, au simu inaporudishwa kwenye 2G. Kwa hiyo ukisikia "5G imefika Kakamega", swali la kuuliza ni 5G ipi.

Sheria tunayo. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha, pamoja na ya mawasiliano. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ilileta Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, na Kamishna wa kwanza, Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020. Mahakama nazo zimeonyesha meno: Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliukwamisha mpango wa kadi za utambulisho za Huduma kwa kuwa serikali haikutathmini athari zake kwa data za watu kabla ya kuanza. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna iliitoza shule moja shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi.

Hata hivyo kifungu cha 51 cha sheria hiyo hiyo kinatoa msamaha kwa mambo ya usalama wa taifa na maslahi ya umma, maneno mapana ambayo lori linaweza kugeuzia ndani yake. Na adhabu ya juu ni shilingi milioni tano au asilimia moja ya mapato ya mwaka ya kampuni, kwa kufuata kiwango kilicho kidogo. Shilingi milioni tano zinaitisha shule. Kampuni yenye mamilioni ya wateja haitetemeki kwa hizo.

Kiti cha mbele na kiti cha nyuma

Sasa faida, kwa sababu zipo na sitaki zipite kimyakimya.

Machi 2021 Safaricom ilianza majaribio ya 5G katika miji minne: Nairobi, Kisumu, Kisii na Kakamega. Mitatu kati ya hiyo iko upande wetu wa nchi. Kwa miaka mingi kila kipya kimekuwa kikifika Nairobi, kikakaa, kisha kikatufikia kikiwa kimechakaa, kwa hiyo jambo hilo lilinifurahisha. Oktoba 2022 huduma ilianza kuuzwa, na Airtel ikafuata Julai 2023. Faida iliyo wazi hadi leo ni intaneti ya nyumbani bila kuchimba mtaro. Kufikisha nyaya za faiba kwenye mwamba wa Maseno au kuzipitisha vichochoro vya Manyatta ni gharama. Kisanduku kimoja dirishani kinapokea mawimbi, na nyumba nzima inaingia mtandaoni. Picha ya mgonjwa iliyochukua robo saa kutoka hospitali ndogo hadi kwa daktari bingwa mjini inachukua sekunde. Na mahali penye umati, uwanjani siku ya mechi au stendi ya basi mkesha wa Krismasi, 5G inabeba watu wengi bila kukwama. Shabaha iliyowekwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, ni vifaa milioni moja kwa kilomita ya mraba.

Ahadi nyingine nazitilia shaka. Tunaambiwa mkulima wa miwa wa Mumias atapima unyevu wa udongo kwa 5G. Kipimo cha udongo hutuma tarakimu chache kwa siku, na 2G inamtosha kabisa. Tunaambiwa mawasiliano yatafika kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hiyo ni hewani tu, kati ya simu na mnara. Mwanga ndani ya waya wa faiba husafiri kilomita 200 hivi kwa kila sehemu moja ya elfu ya sekunde, kwa hiyo ombi la kutoka Kisumu hadi kompyuta iliyo Ulaya na kurudi lina safari yake, uwe na 5G au usiwe nayo. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Kenya ikadorora, mnara mpya na mnara mkuukuu sawasawa.

Tuna kumbukumbu mbili za karibu zinazonifundisha zaidi kuliko matangazo yote. Ya kwanza ni puto. Julai 2020 kampuni ya Loon, ya familia moja na Google, ikishirikiana na Telkom Kenya, ilianza kutoa 4G kutoka kwa maputo yaliyoelea kilomita 20 hivi angani, juu ya eneo la karibu kilomita za mraba 50,000 lililojumuisha Nakuru, Kericho, Kisumu na Kakamega. Januari 2021 wenye kampuni walitangaza wanaifunga kwa sababu haikuwa na faida, na kufikia Machi huduma ilikuwa imekwisha. Uamuzi ulifanywa mbali, watumiaji hawakuulizwa walipoletewa wala walipoondolewa.

Ya pili ni ya Lanet Umoja, Nakuru. Chifu Francis Kariuki, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa akiwatumia watu wake habari kwa Twitter, nao wakizisoma kama ujumbe mfupi kwenye simu za bei ya chini kabisa. Usiku mmoja, saa kumi alfajiri, alipigiwa kwamba wezi wamevamia nyumba ya mwalimu. Alituma ujumbe, majirani wakajitokeza kwa dakika chache, wezi wakakimbia. Hata kondoo aliyepotea alipatikana kwa njia hiyo. Habari hiyo ilizunguka dunia mwaka 2012. Mtandao uliotumika ulikuwa wa kizamani. Kilichoufanya ufanye kazi ni kwamba watu walimjua aliyetuma, walimwamini, na kila mmoja alikuwa na simu ya kupokelea.

Hiyo simu ya kupokelea ndiyo inayonisumbua. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba Wakenya wa miaka mitatu na zaidi waliomiliki simu walikuwa asilimia 47.3, na waliotumia intaneti asilimia 22.6. Miaka imepita na idadi imepanda, lakini simu ya 5G bado ni mshahara wa miezi kwa kibarua wa shamba la majani chai. Wapo wanaonunua kwa kulipa kidogo kidogo. Mpango mmoja uliotikisa soko mwaka 2020 ulidai shilingi 20 kwa siku, na umewafungulia watu wengi mlango. Ukikosa malipo, simu inafungwa kwa mbali, mara nyingine katikati ya wiki ambayo mama mboga anaihitaji kuliko zote. Simu ni yako nusu. Nusu nyingine inashikiliwa na mtu usiyemjua, mwenye kitufe.

Mbaya zaidi kwa maskini itakuwa siku ya kuzima mitandao ya zamani. Masafa ni kama ardhi, hayaongezeki, na kampuni hutamani kuyatoa kwa 2G na 3G na kuyapa vizazi vipya. Nchini Marekani, kampuni ya simu ya AT&T ilizima 3G Februari 2022, na vifaa vya watu vikiwemo vya kengele za nyumbani vikanyamaza kama havikubadilishwa mapema. Kwetu, 2G inabeba huduma za kubonyeza nyota na reli: kutuma pesa, kuangalia salio, na hata kujiandikisha bima ya afya ya SHA kwa *147#. Ikizimwa kabla kila mtu hajapata simu nyingine, mzee mwenye kabambe atakuwa ametolewa hospitalini bila mtu yeyote kumfukuza. Ndiyo maana naona tarehe ya kuzima isiachiwe kampuni peke yake. Mamlaka ya Mawasiliano inakusanya kwa Hazina ya Huduma kwa Wote asilimia 0.5 ya mapato ya kampuni. Fedha hizo zitoe simu kwanza, mitambo izimwe baadaye.

Na hizo kabambe zitakazotupwa zitakwenda wapi? Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo ni asilimia 22.3. Baadhi ya zilizobaki huishia kwenye majalala kama Gioto, Nakuru, ambako watu hupata riziki yao kwa kuchambua takataka kwa mikono mitupu.

Onyo lisilohitaji jina

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024 maji yalishuka Mai Mahiu, kaunti ya Nakuru, yakaua zaidi ya watu 50, wengi wakiwa usingizini. Majuma hayo hayo Budalang'i ilikuwa ikiangalia mto Nzoia kwa hofu kama kila masika. Wanaouza mitandao mipya hupenda mifano ya namna hiyo: tupeni data zenu, tutawaokoa.

Upo ufundi wa miaka mingi, unaofanya kazi hata kwenye 2G, ambao mnara hutangaza ujumbe kwa simu zote zilizo chini yake kwa pamoja, kama adhana au kengele ya kanisa. Haujui ni nani aliyesikia. Hauandiki daftari. Mgeni aliyelala gesti siku moja anaupata sawa na mwenyeji. Nautaja kwa sababu tumezoeshwa kuamini kwamba usalama na faragha ni mizani moja, huu ukipanda ule unashuka. Ufundi huo unaonyesha kwamba mara nyingi kuna njia ya kumwonya mtu bila kumchunguza, ila haina biashara nyingi ndani yake, kwa hiyo haitangazwi.

Nayasema haya kwa sababu ya kinachokuja. Novemba 2023 ITU ilipitisha mwongozo wa kizazi cha sita, kinachotarajiwa karibu mwaka 2030, na mojawapo ya matumizi sita yaliyotajwa ni kuunganisha mawasiliano na kuhisi. Mnara utasikiliza jinsi mawimbi yake yanavyogonga vitu na kurudi, kama popo, na kutambua magari, ndege zisizo na rubani na watu wanaotembea. Kwa mvuvi wa Dunga aliyepinduliwa na dhoruba akapoteza simu majini, jicho la namna hiyo linaweza kuwa uhai. Lakini hadi leo mtu aliyetaka siku yake moja isiandikwe popote aliweza kuiacha simu mezani akatoka. Katika mtandao unaohisi, kuiacha simu hakutoshi. Ridhaa itatolewaje na mtu asiye na laini, asiyetia sahihi mkataba wowote, aliyepita tu njiani?

Tulishaona ridhaa inavyonunulika. Mwaka 2023 Wakenya walipanga foleni kupigwa picha za mboni na Worldcoin kwa sarafu za kidijitali za shilingi elfu saba hivi. Serikali ilisimamisha zoezi hilo Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Ilichukua karibu miaka miwili, na wale angalau walijua wamesimama mbele ya kamera.

Barua

Mnara ulisimamishwa. Mwezi uliopita nilikwenda kumtembelea yule mzee, nikampa jibu nililopaswa kulitoa barazani siku ile badala ya kunyamaza.

"Mzee, mnara utajua simu yako iko nyumbani. Ukitoka nayo, utajua umetoka."

Hakushangaa. Aligeuza kabambe yake mkononi, akauliza, "Na mimi nitamjua anayeangalia?"

Nikamweleza kwamba sheria ya 2019 inampa haki ya kuambiwa ni data gani zake zinahifadhiwa, zinatumika kwa nini na nani mwingine anapewa, na kwamba kanuni za 2021 zinaitaka kampuni imjibu ndani ya siku saba bila malipo. Akamwita mjukuu wake wa kidato cha pili, aliyechana karatasi ya katikati ya daftari la hesabu na kuandika huku mzee akimtajia. Aliuliza mambo matatu: mmeandika nini kuhusu laini yangu, mtaiweka kwa miaka mingapi, na ni nani amewahi kuomba kuiona. Nikamwelekeza pia anwani ya ofisi ya Kamishna, kama jibu lisipokuja.

Mzee alitia sahihi polepole, akaikunja karatasi mara mbili, kisha akaniuliza hizo siku saba zinaanza kuhesabiwa lini.